Nyumba ya zamani Oysterbay au fleti Upanga: naomba ushauri

Mhamiaji
Ndugu zangu, habari za kazi. Familia yangu inahamia Dar es Salaam kutoka Dodoma mwezi ujao. Tumebakiwa na nyumba mbili za kuchagua: moja ni ya zamani, Oysterbay karibu na Barabara ya Chole, na nyingine ni fleti ya ghorofa ya tatu Upanga. Zote tumeziona kwa picha tu, na madalali wote wawili wanataka jibu wiki hii. Mnashauri tuchukue ipi?

Mama Wawili
Karibuni sana. Mambo yanayoamua ndiyo hukuyataja: mnapanga au mnanunua, kazini ni wapi, watoto wana umri gani, na gari mnalo? Kati ya Oysterbay na mjini kuna mkono wa bahari unaopokea maji ya Mto Msimbazi, na kwa miaka mingi watu walitegemea Daraja la Selander. Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022, mtu anaweza kutoka Coco Beach, ufukwe wa Oysterbay, akatokea upande wa Hospitali ya Aga Khan bila kupita Selander. Hata hivyo, anayefanya kazi Posta, katikati ya mji, na anayefanya kazi Mikocheni, upande wa Oysterbay, hawawezi kupewa jibu moja.

Kijana wa Upanga
Upanga, bila kusita. Muhimbili, maduka, misikiti na shule vyote vinafikika kwa miguu, wakati Oysterbay hata mkate utaufuata kwa bajaji. Halafu watu wanaizungumzia Oysterbay kana kwamba ndiyo pekee yenye historia, ilhali Upanga ndiko sheria ya mwaka 1971 ilikopita kwa kishindo, pale serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Majengo ya Msajili baadaye yakaenda Shirika la Nyumba, kwa hiyo ukiona jengo la shirika hilo pale leo, huenda limetokana na utwaaji huo.

Mstaafu wa Ardhi
Kijana amesema kweli kuhusu Upanga, lakini Oysterbay nayo inahitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu historia yake inamgusa mpangaji moja kwa moja. Wazungu wa kwanza waliishi mjini, upande wa bahari karibu na Ikulu ya sasa, na ni katika utawala wa Waingereza ndipo makazi yao yalipovuka mkono wa bahari na kuenea Oysterbay. Viwanja vilikatwa vikubwa, nyumba ikawekwa mbali na barabara, veranda ikaelekezwa kwenye upepo, na nyuma kabisa vikajengwa vyumba vya watumishi, ambao ndio Waafrika pekee walioruhusiwa kulala humo. Baada ya uhuru nyumba hizo zikakaliwa na maofisa wetu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ikawauzia watumishi wake nyingi kati ya hizo. Mwenye nyumba ndogo ya zamani kwenye kiwanja kikubwa namna hiyo hushawishika kuibomoa ili ajenge ghorofa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kodi, uliza mwenye nyumba ana mpango gani na kiwanja chake.

Pwani Kavu
Mzee, shikamoo. Ulilolisema lilitupata sisi. Tulipanga nyumba ya aina hiyo nyuma ya Coco Beach, tukalipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali akachukua ya mwezi mmoja. Picha zilionyesha veranda pana na miembe, na kweli vilikuwepo. Ila nondo za madirisha ya upande wa bahari zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe juu ya kutu, na ukizishika zinabanduka magamba yanayobaki kiganjani. Mabomba ya chuma yalitoa maji ya rangi ya chai kila yaliporudi baada ya kukatika. Masika yalipoanza, dari la chumba cha watoto lilivimba, kisha usiku mmoja kipande kizima kikaanguka juu ya kitanda, na ni kudra ya Mungu kwamba watoto walikuwa wamelala chumbani kwetu. Mwenye nyumba alitujibu kwamba matengenezo ya ndani ni ya mpangaji. Kabla mwaka haujaisha, wapimaji waliingia uani wakapigilia vigingi, na hapo ndipo tulipoambiwa tuhame. Kodi ya miezi iliyobaki tulirudishiwa nusu.

Kijana wa Upanga
Pole sana. Lakini mimi sioni ubaya wa kuzibomoa. Nyumba zilizojengwa ili babu zetu wasikae humo tunazililia za nini, wakati kiwanja kimoja kinaweza kuweka familia ishirini?

Mstaafu wa Ardhi
Mwanangu, familia ishirini hizo si za Kariakoo wala Tandale. Zinazopangishwa pale ni fleti za wenye nazo, na miti inakatwa, na maji ya mvua yanakosa pa kuzama. Mimi ningependa zibaki hata chache, pamoja na vile vyumba vya watumishi, ili wajukuu wauone ubaguzi ulivyopangwa kwa ramani.

Mama Wawili
Turudi kwa ndugu yetu. Kama mmoja wa madalali amekutajia kodi kwa dola, mkumbushe kwamba kanuni za mwaka 2025 zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni.

Mhamiaji
Nawashukuru wote. Tunapanga. Mke wangu amehamishiwa Muhimbili, mimi nitakuwa Masaki, gari ni moja, na mama yangu mzee hapandi ngazi. Dalali wa Oysterbay ndiye aliyetaja dola.

Pwani Kavu
Hilo la mama ulipaswa kulisema mwanzo! Hiyo ghorofa ya tatu ina lifti?

Kijana wa Upanga
Majengo mengi ya zamani huku hayana. Nitajie mtaa, niende nikaangalie.