Naomba ushauri: mizizi ya nyimbo za kupinga dhuluma Marekani, nianzie wapi?

Habari zenu wakuu. Naandaa mada ya dakika 15 juu ya asili ya nyimbo za kupinga dhuluma kule Marekani, na nimekwama mwanzoni kabisa.

Nilitaka kuanza na Joe Hill, yule mtunzi wa nyimbo za wafanyakazi, mhamiaji kutoka Sweden aliyeuawa kwa kupigwa risasi Utah mwaka 1915. Lakini naye alichukua mahadhi ya kanisani akabadilisha maneno tu. Ujanja mtupu: wafanyakazi walishayajua mahadhi, hakuna wa kufundishwa. "We Shall Overcome" nayo ina mizizi kwenye nyimbo za dini za Wamarekani weusi. Wafanyakazi wa kiwanda cha tumbaku waliogoma Charleston mwaka 1945 waliiimba, ikafika shule ya Highlander, Tennessee, iliyofundisha wanaharakati, kisha ikaenea kwenye harakati za haki za kiraia.

Yaani kila nikichimba naangukia kanisani. Halafu kuna tenzi za masimulizi walizokuja nazo Waingereza na Waskoti milima ya Appalachia, siwezi kuziruka.

Wenye uzoefu, nianzie kwa watumwa nishuke hadi kwa wafanyakazi, au nichukue wimbo mmoja tu niufuate hatua kwa hatua? Naegemea hilo la pili, ila nahofia nitaonekana nimeacha mengi.