Kurasa za mwisho za kitabu cha Spider-Man

Dada: Nimelivuta lile boksi la uvunguni. Oneni aliyeibuka 📷

Kaka Mkubwa: Weee! Spider-Man wangu!

Kitindamimba: Wako tangu lini? Alikuwa wa wote.

Dada: Mkono wa kulia bado umegeuka 😂

Kaka Mkubwa: Baba aliugundisha kinyume. Kiganja juu, kama anaomba dua. Tukacheza naye hivyohivyo miaka yote.

Kitindamimba: Mimi nilidhani ndivyo anavyotoa utando.

Kaka Mkubwa: Utando hautoki mwilini, bwana. Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, alijitengenezea kifaa, anakivaa kwenye kifundo cha mkono. Tangu 1962 iko hivyo.

Kitindamimba: Kwenye filamu ya 2002 unatoka mwilini. Nimeuona kwa macho yangu haya.

Dada: Jamani msianze. Ugomvi huu ulishavunja mlango wa kabati.

Dada: Halafu kile kitabu cha katuni nacho kimo. Jalada halipo.

Kaka Mkubwa: Kile cha darajani?? Kinaishia wapi?

Dada: Pale yule adui Goblin anapomwangusha Gwen, mpenzi wa Spider-Man. Baada ya hapo hakuna kitu.

Kaka Mkubwa: Ndiyo hapohapo. Baba akifika hapo anafunga kitabu, anamalizia kwa kichwa. "Utando ukamdaka, akashushwa taratibu, wakaenda zao nyumbani." Kila usiku! Siku nyingine Gwen anamkaripia kwa kuchelewa.

Mama: Na ile sauti ya Goblin ilikuwa inamkohoza. Mwenye kuleta maji mimi.

Kaka Mkubwa: 2002 tumeenda kuangalia filamu, msichana anaangushwa darajani, anaokolewa. Baba akaninong'oneza, "Si nilikwambia?"

Kitindamimba: Yule si Gwen. Ni Mary Jane.

Kaka Mkubwa: Najua SASA.

Kitindamimba: Gwen mimi nilikuja kumwona kwenye ile ya 2014. Utando ukamdaka kweli, nikaegemea kiti, nikajua yamekwisha. Kumbe haamki. Nililia mpaka taa zikawashwa, na ndevu zangu hizi.

Dada: Ngojeni kwanza. Kwani hata kwenye kitabu anakufa?

Kaka Mkubwa: Anakufa. Toleo namba 121, la 1973. Utando unamnasa mguu, lakini anapandishwa akiwa tayari maiti. Hata jina la hadithi wameliweka ukurasa wa mwisho, maana ukilisoma mapema tu umeshajua.

Kaka Mkubwa: Mimi nililigundua hilo nikiwa mkubwa. Nilikaa kimya siku nzima.

Dada: Sasa nimeangalia vizuri hizi kurasa. Hazijachanika. Zimekatwa kwa mkasi, mstari umenyooka kabisa. Hakuna mtoto wa nyumba hii aliyekuwa anakata hivi.

Mama: Mimi msiniangalie.

Kitindamimba: Baba anaandika...

Kitindamimba: Bado anaandika.

Mama: Ana kidole kimoja, mpeni muda.

Baba: Mlikuwa wadogo

Baba: Kurasa zipo. Bahasha ya vyeti, nyuma ya cheti cha ndoa

Mama: Cheti CHETU?

Dada: 🙈 Baba, mjukuu wako kakaa hapa pembeni, kakikodolea macho kitabu. Anauliza yule dada alidakwa?

Baba: Alidakwa

Baba: Na mkono ni gundi. Iliwahi kukauka