Mrejesho: ubunifu na takwimu katika usanifu wa programu za simu

Niliwauliza kama mtu aliyesomea uchoraji anaweza kusanifu programu za simu bila kuuacha ubunifu wake, kwa kuwa kila tangazo la kazi lilidai uchambuzi wa takwimu. Nawashukuru kwa ushauri wenu, hasa aliyeniambia nianze na kazi ndogo hapa hapa Kigoma.

Nilipata nafasi katika programu ya wauza dagaa wa Kibirizi. Takwimu zilionyesha kwamba wengi walikuwa wakiishia kwenye ukurasa wa uzito wa mzigo, lakini hazikusema sababu. Nilipoketi na mama mmoja pale mwaloni, nikaona kidole chake kikisita juu ya neno "kilo", kwa maana yeye hupima kwa sado na gunia. Nikachora sado na gunia zibonyezwe, kisha tukawagawa watumiaji makundi mawili, kila kundi na ukurasa wake, na waliopewa michoro walimaliza kujaza kwa wingi zaidi.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti na programu, aliandika mwaka 2000 kwamba kuwajaribisha watu 5 kunatosha kufichua takriban asilimia 85 ya kasoro za matumizi. Nakubaliana naye, ila watu 5 hawatoshi kupima ukubwa wa tatizo. Hapo ndipo takwimu za watumiaji wote zinapohitajika.

Kwa wanaoniuliza kuhusu hesabu: wastani, asilimia na jedwali la Excel vimenitosha hadi sasa, na SQL, lugha ya kuchota taarifa kwenye hifadhidata, ndiyo ninayojifunza.