Mkandarasi anasema programu ya LabVIEW haiwezi kujengwa bila mtu kubonyeza. Ni uongo!

Wakuu, nina hasira na leo siifichi.

Kiwandani kwetu tunapima pampu za maji kabla hazijatoka kwenda kwa mteja. Programu ya kupimia imetengenezwa kwa LabVIEW, ile lugha ya kuchora: huandiki mistari, unaunganisha vijisanduku kwa nyaya. Aliyetutengenezea ni mkandarasi, jina lake naliacha. Mkataba unasema wazi kwamba kila badiliko likiingia kwenye Git (ghala linalotunza historia ya faili za mradi), seva ijenge yenyewe exe, yaani faili la programu lililo tayari kuendeshwa, iendeshe majaribio, itoe ripoti. Hela ameshachukua yote. Huu ni mwezi wa 7 tangu azichukue, na exe bado inajengwa kwa mkono kwenye laptopu ya kijana wake mmoja, tena mpaka apatikane.

Mwezi uliopita kijana akaenda likizo. Tukagundua kosa dogo kabisa: presha inayosomwa kwa bar imeandikiwa psi, ambacho ni kipimo kingine, kwenye ripoti. Ni kurekebisha sehemu moja tu! Siku 11 mafundi wetu wakapima kwa geji ya mkono na kuandika kwenye daftari, huku malori yakisubiri getini.

Nikasema ngoja nijenge mwenyewe. Nimefungua mradi, mshale wa kuendeshea umevunjika, yaani programu haiwezi kuendeshwa. Kumbe maktaba alizotumia amezisakinisha ndani ya folda za LabVIEW ya laptopu yake, na hakuacha faili la vipc, orodha ya maktaba inayotaja ni zipi na ni matoleo gani. Nimezisaka moja moja, siku mbili.

Ukimuuliza, jibu ni lilelile: "Hii ni lugha ya picha bwana, lazima mtu akae abonyeze." Hapana! LabVIEWCLI ipo, ya kuiendesha LabVIEW kwa amri za maandishi. Unaipa amri ya ExecuteBuildSpec, unaionyesha faili la mradi (lvproj) lilipo na jina la bildi, yaani maelezo ya exe unayotaka, inajenga. MassCompile ya kukompaili faili zote kwa pamoja ipo, RunVIAnalyzer ya kukagua ubora wake ipo. Jenkins, programu ya seva ya kujenga na kupima yenyewe, inaziita kama inavyoita amri nyingine yoyote. Ugumu upo, sikatai. Faili la VI (kila kipande cha programu ya LabVIEW) ni la baineri, si maandishi, Git haikuonyeshi kilichobadilika ndani, na watu wawili wakigusa VI moja, kuziunganisha ni kazi ya kuumiza kichwa. Lakini kama macho hayaoni kilichobadilika, si ndiyo sababu ya kutaka majaribio yajiendeshe kila mara?

Wiki iliyopita nikaamua kuyapanga mwenyewe yaende usiku. Asubuhi nimefika, hakuna ripoti. Nimewasha skrini ya ile mashine, katikati kuna kisanduku kidogo cha kosa chenye kitufe kimoja tu. Kimekaa hapo tangu saa 7 usiku kikisubiri mtu abonyeze, kwenye chumba kisicho na mtu! Ni Simple Error Handler, kipande cha LabVIEW cha kutangaza makosa; mkandarasi aliiweka ikabaki na mpangilio wake wa mwanzo, ambao kosa likitokea hufungua kisanduku. Ukiunganisha sifuri kwenye pembejeo ya aina ya kisanduku, hakifunguki. Sifuri moja na kipande cha waya. Nimezihesabu kwenye mradi mzima: sehemu 63, na hakuna hata moja aliyoiunganisha. Mtu aliyewahi kuendesha majaribio haya usiku hata mara moja angekutana nacho usiku wa kwanza. Maana yake hajawahi, na ripoti zake za makabidhiano zimeandikwa "majaribio yote yamepita".

Wanaokula hasara ni wale mafundi, ambao sasa wanaulizwa na bosi kwa nini vipimo vya daftari havifanani na vya mashine.

Kesho saa 4 asubuhi tuna kikao naye. Nitamwekea kompyuta ambayo hajawahi kuigusa, avute mradi kutoka Git na ajenge exe mbele yetu wote. Kama kuna mdau ana kifungu cha mkataba kinachombana mtu kwenye makabidhiano ya namna hii, naomba akiweke hapa usiku huuhuu.