Mwenye ukumbi akipigiwa simu aghairi mjadala, sheria inasemaje?

Kiboriloni_07
Wakuu, naomba wajuzi wa sheria mnisaidie. Tuseme kituo binafsi cha mafunzo hapa Moshi kimeandaa mjadala wa wazi kuhusu michango ya shule. Ukumbi umeshakodiwa, na mzungumzaji mmoja ni mwalimu wa sekondari ya serikali. Siku chache kabla, mwenye ukumbi anapigiwa simu na ofisa wa serikali: "angalia leseni yako." Mwalimu naye anaambiwa kwa mdomo asifike. Hakuna barua. Ibara ya 18 ya Katiba, ile ya uhuru wa maoni, inawasaidiaje hawa watatu? Nasikia Marekani mambo haya yana kesi zake.

WakiliNjiro
Mkuu, kinachowaumiza hapo ni ile simu. Ukienda Mahakama Kuu kuomba amri ya ofisa itenguliwe, utatakiwa kuambatisha uamuzi unaoulalamikia. Simu utaiambatishaje? Kwa hiyo siku hiyohiyo mwenye ukumbi aandike: "Leo saa fulani umenielekeza nisikodishe ukumbi tarehe fulani. Naomba maelekezo hayo kwa maandishi, pamoja na kifungu cha sheria unachokitumia." Nakala mbili; moja igongwe mhuri wa kupokelewa pale masjala, abaki nayo. Wakijibu, mna uamuzi mkononi. Wakinyamaza, mna ushahidi wa tarehe na wa maneno yaliyosemwa.

Leseni yenyewe ipo chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972, na kwa biashara ya ukumbi shughuli hizo ziko kwa afisa biashara wa halmashauri. Haifutwi kwa simu.

Sasa muda. Maombi hayo ya kutengua uamuzi wa ofisa, yaani mapitio ya mahakama, huanza kwa kuomba kibali, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Ukipewa kibali una siku 14 tu za kufungua maombi yenyewe, na hapa ndipo watu huangukia: wanashangilia kibali, siku zinapita. Njia nyingine ni kesi ya haki za msingi chini ya Sura ya 3 ya Sheria za Tanzania (Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi), ambayo husikilizwa na majaji 3. Tangu marekebisho ya 2020, kiapo lazima kionyeshe jinsi ukiukwaji ulivyokugusa wewe binafsi. Kituo kisijibebeshe kesi ya mwalimu. Kila mmoja ale kiapo chake. Na mkitaka fidia kwa kesi ya madai ya kawaida, serikali hupewa kwanza notisi ya siku 90.

Pasua_Mtaani
Kabla ya mahakama, je, mlitoa taarifa polisi? Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi kinataka mkusanyiko wa mahali pa umma utolewe taarifa ya maandishi kwa polisi wa eneo, angalau saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na dhumuni. Ni taarifa, si ombi la kibali! Ukishaitoa unaendelea, isipokuwa upokee zuio la polisi. Ukumbi wa kukodi wenye mlango wazi kwa kila mtu unaweza kuhesabiwa mahali pa umma, kwa hiyo pelekeni tu, na nakala yenu igongwe mhuri.

Halafu ule mchezo wa "weka ndani saa 48". Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na wa wilaya uwezo huo, ila pawe na kosa la kukamatwa au hatari ya kuvunjika amani isiyozuilika kwa njia nyingine, na sababu ziandikwe. Saa 48 zikiisha bila mtu kufikishwa kwa hakimu, anaachiwa. Mjadala wa michango ya shule sioni unaingiaje hapo.

KijengeJuu
Mwalimu ndiye aliye hatarini kuliko wote. Wa shule binafsi akifukuzwa anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, na sheria ya ajira ya 2004 inakataza ubaguzi kwa maoni ya kisiasa. Wa serikali hawezi kukimbilia CMA moja kwa moja. Kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinamtaka amalize kwanza njia za ndani ya utumishi. Aongee kama mkazi, asitumie cheo wala nyaraka za ofisi. Na asirushe mitandaoni tuhuma asizoweza kuthibitisha: kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinaanzia faini ya milioni 5 au miaka 3 jela.

WakiliNjiro
Marekani umesikia sawasawa. Kesi ya NRA v. Vullo, Mei 2024: mkuu wa usimamizi wa bima wa jimbo la New York alidaiwa kuzibana kampuni za bima ziachane na NRA, chama cha wenye silaha. Majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walisema ofisa hawezi kumtumia mtu wa kati kuzima maoni. Huyo wa kati ndiye mwenye ukumbi wako. Machi ya mwaka huohuo, katika kesi ya Honeyfund, mahakama ya rufaa iliizuia Florida kuwapangia waajiri mafunzo gani wasilazimishe wafanyakazi kuhudhuria. Ila usidhani mtumishi wa umma kule yuko huru kabisa: kesi ya Garcetti ya 2006 ilisema anachokisema kama sehemu ya kazi yake hakilindwi.

Kesi hizo haziifungi mahakama yetu. Karibu zaidi ni Mahakama ya Afrika Mashariki, hapahapa Arusha, ambayo Machi 2019 iliona vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Haidai umalize kwanza mahakama za nyumbani, lakini una miezi 2 tu na haiongezwi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu nayo iko Arusha, ila tangu Novemba 2020 Mtanzania hawezi kuifikia moja kwa moja.

Kiboriloni_07
Shukrani. Na hela ya ukumbi?

Pasua_Mtaani
Soma mkataba. Kama hauna kipengele cha kughairi, mwenye ukumbi aliyefunga mlango kwa simu tu amevunja mkataba na anarudisha. Mkataba ujao andikeni: ukumbi haufungwi isipokuwa kwa zuio la maandishi, na malipo yote yarudi ndani ya siku 7.