Naomba ushauri: namuuguza baba mwenye moyo dhaifu, niangalie nini kila siku?

Binti Mlezi:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 71, ameruhusiwa kutoka hospitalini alikolazwa akiwa amevimba miguu na hawezi kupumua akilala chali. Daktari ametueleza kwamba moyo wake hausukumi damu inavyopaswa, na kwamba kipimo cha eko (picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti) kimeonyesha kila pigo likitoa takriban asilimia 30 ya damu iliyomo katika chumba cha kushoto, ilhali kwa kawaida hutoka zaidi ya nusu. Amepewa dawa kadhaa, ikiwemo ya kupunguza maji mwilini, ambayo anailalamikia kwa sababu inampeleka msalani kila mara. Naomba kujua dalili zipi zinaweza kungoja siku ya kliniki na zipi haziwezi, na namna ya kumfuatilia bila yeye kujiona amefanywa mtoto na binti yake, kwa maana ni mtu aliyezoea kuamua mambo yake mwenyewe.

Nesi Mstaafu:
Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Kifaa cha kwanza ni mzani. Apime uzito kila asubuhi akishakojoa na kabla hajala, akiwa na nguo nyepesi, kwa mzani uleule, kisha namba iandikwe daftarini. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, wala si unene. Wapigie kliniki siku hiyohiyo hata kama yeye anasema hajambo, kwani maji huweza kujikusanya kwa siku kadhaa kabla pumzi haijaanza kubana. Jioni bonyeza muundi wake kwa kidole gumba, ukihesabu polepole hadi tano, kisha uachie: kishimo kikibaki, kuna uvimbe, na ukiona leo kimepanda juu kuliko jana, andika. Uangalie pia mito ya kulalia. Mtu aliyelalia mmoja akianza kutaka mitatu, au akahamia kitini usiku wa manane, anakueleza jambo ambalo pengine hatalitamka.

Maumivu ya kifua, kuhema akiwa ametulia, kuzirai, kuchanganyikiwa ghafla, au makohozi ya povu lenye rangi ya waridi havingoji simu wala kliniki, mkimbize hospitalini.

Mfamasia wa Zamu:
Naongezea suala la dawa za maumivu, kwa sababu ndipo ninapoona wazee wengi wakiumia. Mzee anaumwa magoti, jirani anampa ibuprofeni au diklofenaki kwa nia njema kabisa, na dawa hizo huufanya mwili uzuie chumvi na maji, hudhoofisha kazi ya dawa ya kupunguza maji na huweza kudhuru figo. Parasetamoli ya kawaida ndiyo salama zaidi kwa wengi, ila si ile ya kuyeyusha majini inayotoa mapovu, kwani aina nyingi huwa na sodiamu nyingi, ileile iliyomo katika chumvi. Jihadhari vilevile na chumvi mbadala zenye potasiamu: baadhi ya dawa za moyo, kama spironolaktoni, tayari huipandisha potasiamu, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo.

Kuhusu msalani, muulize daktari kama anaweza kuimeza dawa ya kupunguza maji asubuhi ili usiku alale, na siku ya safari kama saa inaweza kusogezwa. Asiiruke. Wala asiache dawa yoyote kwa kuwa amepata nafuu, maana nafuu hiyo imeletwa na dawa zenyewe.

Mwana wa Pili:
Dada, mpe baba daftari alishike yeye. Mama yetu alikataa katakata kupimwa na sisi, lakini tulipomkabidhi kalamu akawa mkali kuliko daktari, na sisi tukabaki kusoma tu. Chumvi nayo ipunguzwe katika chungu cha nyumba nzima, kwa sababu mgonjwa anayewekewa sahani yake peke yake huona ametengwa, na hula kidogo au hula kwa kujificha.

Binti Mlezi:
Nawashukuru sana. Je, nimpunguzie na maji ya kunywa?

Nesi Mstaafu:
Usimpunguzie kwa kukisia, mwanangu. Wengine huwekewa kikomo na wengine hapana, na akikaukiwa huku anameza dawa ya kupunguza maji, presha hushuka na figo huathirika. Kliniki ijayo muulize daktari kiasi anachoruhusiwa kwa siku, pamoja na uzito wake halisi akiwa hana maji ya ziada, na namba hizo mbili baba aziandike ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Akitapika au kuharisha kabla ya hapo, wapigie simu waseme dawa ipi isitishwe kwa muda.