Tunalipa makocha wa tenisi watufundishe kupiga, hakuna anayetufundisha kusimama. Dabo, wawili kwa wawili, zinatuua kila Jumamosi!

Wakuu, habari za jioni.

Nimetoka uwanjani muda si mrefu, hata kuoga sijaoga. Nafungua uzi huu leo leo kabla hasira haijapoa, kwa sababu ikipoa nitanyamaza kama nilivyonyamaza mwaka mzima.

Nacheza tenisi ya burudani hapa Dar. Klabu siitaji. Tuna viwanja vitatu, na Jumamosi jioni tunafika zaidi ya watu ishirini. Piga hesabu mwenyewe: nafasi ya singo, mmoja kwa mmoja, haipo. Wote tunacheza dabo, wiki hadi wiki, mvua isiponyesha. Sasa naomba mtu anieleze, kwa nini katika miezi minane ambayo nimemlipa kocha elfu thelathini kwa saa sijafundishwa dabo hata dakika kumi? Si mimi peke yangu. Tunapangwa foleni mstari wa nyuma, tunarushiwa mipira ya kapu, fohendi (upande wa mkono wa raketi) ishirini, bekihendi (upande wa pili) ishirini, okoteni mipira, rudieni. Nilipomwomba atufundishe jinsi wawili wanavyosimama, akanijibu nijenge mapigo kwanza, dabo itakuja yenyewe. Miezi minane haijaja.

Leo tumefungwa 6–2, 6–3 na wazee wawili. Nawaita wazee kwa heshima zote. Mmoja ni mstaafu, mwingine anacheza goti likiwa limefungwa bandeji. Nguvu hawana. Sevu ya yule wa goti, ule mpira wa kuanzisha pointi, ungeweza kuidaka kwa mkono. Lakini kila nilipoinua macho, mmoja wao alikuwa tayari amesimama pale mpira wetu unapoelekea. Huyu akivuta hatua mbili kushoto, na mwenzake anavuta mbili kushoto, kana kwamba wamefungwa kamba moja kiunoni. Sisi je? Mwenzangu amejichimbia mstari wa nyuma, mimi niko wavuni, na katikati yetu pengo ambalo daladala ingepita bila kupunguza mwendo. Wazee wakaliona gemu ya kwanza tu. Wakawa wanauweka mpira humo, polepole, pointi baada ya pointi.

Kufungwa sikujali sana. Kilichonichoma ni kwamba baada ya mechi mwenzangu alinisema mbele za watu kuwa nimemwangusha kwa sababu "sipigi". Na kocha wetu, ameegemea fensi, akamwunga mkono: ongezeni nguvu, vijana.

Nguvu ipi jamani? Tumefungwa na mtu mwenye goti bovu!

Nisingeelewa kilichotupata kama yule mstaafu asingeniita mezani. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia "kaa hapa mwanangu", kisha akachukua vizibo vinne vya soda akavipanga mezani. Viwili sisi, viwili wao, mrija ndio wavu. Dakika kumi na tano. Nawaapia, kwa vizibo vile vinne nimejifunza mengi kuliko miezi minane ya kapu la mipira. Nikapandwa na hasira upya, kwa sababu hakuna hata kimoja katika aliyonionyesha kinachohitaji kipaji au ujana. Ni mambo ya kuambiwa tu. Hatuambiwi.

Alianza na mshazari. Mwenzangu ana ugonjwa mmoja: kila akipokea sevu anataka kuupitisha mpira moja kwa moja kando ya laini, umpite mtu wa wavuni, watu wapige makofi. Nilimhesabia seti ya pili. Alijaribu mara saba, zikaingia mbili. Uwanja wenyewe unamkataza! Wavu wa tenisi una mita 1.07 kwenye nguzo, lakini katikati unashuka hadi 0.914. Ni zaidi ya sentimita 15 za bure. Na kutoka mstari wa nyuma hadi mstari wa nyuma, ukipiga moja kwa moja, una mita 23.77, wakati kona kwa kona kwenye uwanja wa dabo unapata zaidi ya mita 26. Maana yake mpira wa mshazari unapita pale wavu ulipo mfupi na una mita mbili na zaidi za kutua. Yeye anachagua palipo juu, njia fupi, tena mbele ya mtu aliyenyoosha raketi anamsubiri. Mzee akasema: wewe rudisha mshazari, uwe wa chini, umwangukie miguuni yule aliyesevu, kisha ngoja akosee. Mara moja moja ndiyo mpige wa laini, ili yule wa wavuni asihame ovyo. Mara moja moja, si mara saba kwa seti.

Halafu sevu. Hapa nina kidonda kabisa, kwa sababu mimi wa wavuni ndiye ninayelipa. Mwenzangu anaipiga sevu ya kwanza kama anayetaka kutoboa ukuta. Inaishia wavuni, au inatoka mita nzima. Ya pili, kwa kuogopa kukosa zote mbili, anaibembeleza kama anamtupia mtoto mpira. Anayepokea anasogea ndani, anapiga anakotaka, na mara tatu leo alikotaka kulikuwa kifuani kwangu. Nikimwambia apunguze, anasema hawezi kusevu kama mwanamke. Hilo nalo ni tusi la kipuuzi, maana akina dada wawili wa klabu yetu wangetufunga sote kwa akili walizo nazo. Sevu ya dabo ya watu wa kiwango chetu ni robo tatu ya nguvu, iingie ya kwanza, tena ielekezwe katikati, pale mistari ya visanduku vya kutua sevu inapokutana. Anayepokea akiwa katikati anakosa pembe ya kukukata, mpira unarudi karibu na mtu wa wavuni, na mtu wa wavuni anafanya kazi iliyomweka pale.

Na kazi hiyo ndiyo ambayo nimeambiwa kinyume tangu siku ya kwanza. "Linda laini yako!" Mwaka mzima nimelinda laini. Nimesimama karibu na njia ya pembeni, ile ya mita 1.37 inayoongezwa kwenye dabo, naangalia mipira ikipita katikati kama abiria aliyeachwa na basi. Mzee akakichukua kizibo changu akakisogeza ndani, katikati ya kisanduku cha sevu. Kutoka wavu hadi mstari wa sevu ni mita 6.40, kwa hiyo simama kama mita tatu kutoka wavuni. Mpinzani anapoinua raketi, ruka kidogo uwe tayari. Ukiona amebanwa, kata mbele kwa mshazari kuelekea wavuni, uchukue mpira hewani, na usirudi nyuma nusu njia. Umekwenda, umekwenda. Mwenzako anaziba ulikotoka. Nikamuuliza, nikipitwa kwenye laini je? Akanijibu: utapitwa, mbona mimi napitwa, ukipitwa mara moja na ukachukua nne, nani ana hasara?

Lakini mimi nikipitwa mara moja tu, mwenzangu ananipigia kelele uwanja mzima unasikia. Nani atathubutu kuhama tena? Hivi ndivyo watu wa wavuni wanavyouawa, wakuu. Hawauawi na wapinzani.

Lobu sasa, ile mipira ya kupandishwa juu ya kichwa cha mtu wa wavuni. Miezi hii ya kusi upepo unaingia uwanjani kwetu kutoka upande wa geti. Wazee wakisimama upande wa pili, wakicheza dhidi ya upepo, walikuwa wanarusha lobu za juu sana bila woga, kwa sababu upepo unaurudisha mpira ndani. Zikapita juu ya kichwa changu moja baada ya nyingine. Kila mara nasikia kutoka nyuma: "Wako!" Wangu vipi? Mimi niko mita tatu kutoka wavuni, nageuka kinyumenyume, yeye yuko mstari wa nyuma amesimama wima anaungalia. Lobu iliyompita mtu wa wavuni ni ya mtu wa nyuma. Anaikimbilia kwa kukata nyuma ya mwenzake, aliye mbele anahamia upande wa pili, na kama mpira uliorudishwa ni dhaifu wote wawili mnabaki nyuma mjilinde. Neno ni moja: "Badili!" Sisi neno hilo hatujawahi kulisema. Sisi hatusemi chochote. Tunaongea baada ya pointi kupotea, na tunaongea lawama.

Hata mpira wa katikati hatuna makubaliano. Leo miwili ilipita kati yetu, raketi mbili zimeshushwa, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Kubalianeni kabla ya kuanza kwamba fohendi ikiwa katikati ndiyo inayochukua, au yule aliye mshazari na mpigaji. Chagueni mojawapo, mmalize. Angalieni ndugu wa Marekani, Bob na Mike Bryan. Bob anatumia mkono wa kushoto, Mike wa kulia, pacha waliolelewa nyumba moja, wakachukua mataji 16 ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, pamoja na dhahabu ya Olimpiki London 2012. Kila baada ya pointi walikuwa wanasogeleana wananong'ona. Pacha! Kama wao walihitaji kuambiana, sisi tuliokutana kwenye grupu la WhatsApp tunajifanya tunasomana mawazo?

Jambo lililonitoa machozi ya hasira ni la mpangilio wa sevu. Jioni jua linampiga machoni anayesevu kutoka upande mmoja wa uwanja wetu. Mwenzangu anarusha mpira juu sana, kwa hiyo hapo haoni kitu. Mimi narusha chini, halinisumbui. Kumbe kwa jinsi tunavyobadilishana pande baada ya gemu ya kwanza, ya tatu, ya tano, kila mchezaji wa dabo anasevu kutoka upande uleule seti nzima! Chukueni karatasi mchore kama hamwamini. Ukichagua vizuri nani aanze, yule anayesumbuliwa na jua halioni kabisa kwenye sevu zake. Na seti mpya ikianza, sheria inawaruhusu kubadili nani atangulie, na pia kubadili nani apokee upande upi. Tumecheza mwaka mzima mwenzangu akisevu ndani ya jua, kwa sababu "yeye ndiye huanza". Kocha anatuangalia. Alijua? Kama alijua, kwa nini hakusema? Kama hakujua, tunamlipa nini?

Na msiniambie kwamba dabo ni mchezo wa wazee na walioshindwa singo. Kauli hiyo nimeisikia kwa makocha wawili tofauti na naichukia. Julai 2022, Angella Okutoyi wa Kenya aliposimama Wimbledon na kombe, taji la kwanza la Grand Slam ya vijana kwenda Kenya, lilikuwa la dabo. Yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walipoteza seti ya kwanza 3–6, wakachukua ya pili 6–4, wakamaliza taibreki ya mwisho, ya kuamua mshindi, 11–9. Walioshindwa siku hiyo walikuwa Wakanada wawili, na mmoja wao ni Victoria Mboko, binti wa wazazi waliotoka Kongo, ambaye mwaka 2025 alikuja kutwaa taji la mashindano ya Canadian Open katika singo. Wasichana wa kiwango hicho walikuwa wanacheza dabo kwa meno yote. Sisi wa Jumamosi jioni tunaidharau, na hatuna kingine tunachocheza!

Makocha mliomo humu, nawaomba mnisome bila kununa. Siwaambii muache fohendi. Nawaambia mwanafunzi akikwambia nacheza dabo tu, mpe saa moja ya dabo kati ya kila nne. Weka watu wanne uwanjani, simamisha pointi katikati, mshike mtu bega umsogeze hatua mbili, mwambie kwa nini. Kapu la mipira litamsubiri.

Na nyie wenzangu wa burudani, mnaomgombeza mwenzenu kila pointi: mnamlipia nani hasira? Mtu aliyekosa anajua amekosa.

Mwenzangu nimemwandikia ujumbe jioni hii. Sikumtukana. Nimemwambia Jumamosi naingia naye tena, ila kwa masharti: sevu ya kwanza robo tatu, iende katikati, kupokea ni mshazari, lobu ikinipita anaikimbilia yeye na mimi nabadili, na yeye ndiye aanzie kusevu upande usio na jua. Nikipitwa kwenye laini asifungue mdomo. Tiki mbili za buluu zimetokea, jibu hakuna.

Nauliza kwa wanaojua: kuna kocha hapa Dar, awe Masaki, Kijitonyama, Upanga au Kigamboni, anayefundisha watu wazima dabo hasa, wawili kwa wawili? Nitajieni siku na saa anazofundisha. Nitakuja hata kama ni saa kumi na mbili asubuhi.